Picha za Mwese Zitakaa Wapi?

Ukizunguka vijijini na kamera kwa miaka kadhaa, swali utakaloulizwa kuliko mengine yote wala si la siasa. Ni hili: "Mwandishi, zile picha ulizopiga mwaka ule bado zipo?" Anayeuliza anaweza kuwa mama aliyekuwa anamwoza mwanawe siku hiyo. Anaweza kuwa kijana aliyefiwa na baba, na hana sura ya baba yake popote isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho. Hapa Mwese swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Leo nataka tulijibu kwa njia ndefu, yaani kwa kupitia historia.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili tusizungushane. Hakuna chombo kinachotunza picha, na hakijawahi kuwepo. Kinachotunza picha ni mtu: yule anayeinakili tena kabla chombo cha kwanza hakijafa, anayeweka nakala mahali zaidi ya pamoja, na anayeandika ni nani, wapi na lini. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya picha inaoza, tena inaoza kimya kimya.

Kwa wasioijua, Mwese ni kata ya nyanda za juu katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Iko magharibi ya mji wa Mpanda, ukielekea Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa asili wa milima hii ni Watongwe na Wabende. Mwaka 1964 Mwese ikawa makazi ya wakimbizi wa Rwanda. Hao walikimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959, wakapata hifadhi Kivu, upande wa Kongo. Halafu Kongo nayo ikawaka moto, ikabidi wahamishwe tena kuja huku. Kazi ya kuwapokea iliendeshwa na pande tatu: serikali yetu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), na Shirikisho la Walutheri Duniani kupitia TCRS, shirika lililoundwa mwaka huo huo wa 1964.

Baada ya mauaji ya Burundi ya 1972, wilaya ya Mpanda ilipokea wengine wengi zaidi. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Mwaka 1980 serikali iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 nchini. Warundi wa 1972 walisubiri zaidi: wapatao 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Kwa nini nayaeleza haya kwenye makala ya picha? Kwa sababu ukanda huu umejaa familia zilizohama mara moja, mbili, hata tatu. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Albamu inabaki ukutani. Kwa hiyo wapo wazee huku wasio na picha moja ya ujana wao, na wapo wajukuu wasiojua babu alifananaje.

Lakini haina maana kwamba picha hazikupigwa. Mashirika ya misaada hupiga picha, tena nyingi, kwa sababu wafadhili wanataka kuona fedha yao imefanya nini. Tatizo ni mahali picha zinapoishia. Makao makuu ya UNHCR yako Geneva, Uswisi. Ya Shirikisho la Walutheri Duniani nayo yako Geneva. Maana yake ni kwamba mtu wa Mwese akitaka kutafuta picha ya makazi aliyokulia, mlango wa kwanza wa kubisha hodi uko Ulaya kabla haujawa Mpanda.

Na akifika mlangoni, atafute kwa jina gani? Hapa pana somo la kwanza la kutunza picha. Makazi ya Mwese yanafunguliwa mwaka 1964, nchi inabadilisha jina mwaka huo huo: Tanganyika inaungana na Zanzibar mwezi Aprili, na Oktoba inakuwa Tanzania. Wilaya ya Mpanda ilikuwa chini ya Tabora hadi mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Katavi. Kwa hiyo picha iliyoandikwa "Mwese, Tabora", nyingine "Mwese, Rukwa" na nyingine "Mwese, Katavi" zote zimepigwa kilima kile kile. Juu ya hayo wilaya yetu sasa inaitwa Tanganyika, jina lililokuwa la nchi nzima! Mtafutaji wa miaka hamsini ijayo ana kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha bila maandishi ni mali ya namna hiyo.

Sasa turudi nyuma kidogo, enzi za mkanda. Zamani mpiga picha alikuwa na kitu kimoja cha thamani, nacho ni negativu. Picha ya karatasi aliyopewa mteja ilikuwa nakala tu. Negativu ikiungua au ikiliwa na unyevu, picha haitasafishwa tena. Na ukitengeneza nakala kutoka kwenye nakala, kila hatua sura inafifia. Kwa hiyo utunzaji wa wakati ule ulikuwa ulinzi: unatafuta kabati, unafunga, unaomba Mungu.

Wakati mwingine kabati lilifanya kazi. Mwaka 2015, katika ofisi za shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilipatikana kabati lenye negativu zipatazo 70,000, nyingi za miaka ya utawala wa Idi Amin. Zilikuwa ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Kuanzia mwaka 2018 UBC ilishirikiana na vyuo vikuu vya Michigan cha Marekani na Western Australia kuziskani, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika makumbusho ya taifa mjini Kampala. Angalia vizuri kilichookoa pale. Kabati lilisaidia, ndiyo. Lakini bila yale maandishi juu ya bahasha, wangepata picha 70,000 za watu wasiojulikana wakifanya mambo yasiyojulikana.

Mfano mwingine ni wa mtu binafsi. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo Dar akaanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963 akiwa kijana mdogo kabisa. Ndiye ambaye picha zake za televisheni za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu. Alifariki Novemba 23, 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Aliacha mkusanyiko unaohesabiwa kwa mamilioni ya picha. Mwanawe, Salim Amin, aliupokea na kuendelea kuutunza, na mwaka 2021 picha zaidi ya 6,000 kati ya hizo ziliwekwa wazi mtandaoni kupitia Google Arts & Culture. Piga hesabu mwenyewe: robo karne baada ya kifo chake, zilizofika pale ni tone katika ndoo. Kuskani ni kazi ya miaka. Na bila mrithi anayejua thamani ya masanduku yale, hata tone hilo lisingepatikana.

Wa tatu ni wa mbali, lakini sijaona mfano unaofundisha vizuri zaidi. Jacques Lowe alikuwa mpiga picha wa familia ya Rais Kennedy wa Marekani. Negativu zake zipatazo 40,000 aliziweka katika chumba cha chuma cha benki, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angepaita salama. Benki hiyo ilikuwa katika jengo la 5 World Trade Center, New York. Septemba 11, 2001 zote zikateketea. Kilichobaki ni karatasi za picha ndogo ndogo za majaribio zilizokuwa zimehifadhiwa sehemu nyingine, na miaka ya baadaye wataalamu walizitumia hizo kurudisha baadhi ya picha zile. Chuma cha benki kilishindwa, karatasi iliyokuwa mtaa mwingine ikashinda.

Haya, sasa tuje kwenye namba. Picha ya dijitali ni orodha ndefu ya namba: kila nukta ina namba yake ya rangi. Mwaka 1957 Russell Kirsch wa Marekani aliskani picha ya mwanawe mchanga, Walden, ikaingia kwenye kompyuta ikiwa na nukta 176 kwa 176. Naipenda habari hii. Wangeweza kuanza na ramani ya vita au sura ya rais, wakaanza na picha ya mtoto wa nyumbani, kama ile inayokaa sebuleni kwako.

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali ya kushika mkononi. Ilikuwa na nukta 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja. Iliiandika wapi? Kwenye mkanda wa kaseti, kaseti kama zile tulizosikilizia muziki. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, akatangaza aina ya kumbukumbu ambayo leo imo kwenye simu, flashi na memori kadi zetu. Mwaka 1992 ukaja utaratibu wa JPEG wa kubana picha ili ichukue nafasi ndogo. Flashi zilipoingia sokoni mwaka 2000 zilibeba megabaiti 8 tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuchukua nusu yake!

Faida ya namba ni moja kubwa. Nakala ya namba ni sawasawa na namba zenyewe. Negativu ilikuwa moja, lakini picha ya dijitali inaweza kuwa kumi, na zote kumi ni halisi. Kwa mara ya kwanza katika historia, mtu wa Mwese na mtu wa Geneva wanaweza kuwa na picha ile ile bila mmoja kumpunguzia mwenzake. Huu ni ukombozi, tusiuchukulie kirahisi.

Hasara yake ni kwamba vyombo vinavyobeba namba hizo vina maisha mafupi kuliko karatasi. Diski ya kompyuta ya aina ya kawaida ina sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikidondoka ikiwa inafanya kazi, kwaheri. Hata isipodondoka, ina siku zake. Mwaka 2013 kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza nakala za watu kwenye maelfu ya diski, ilitoa hesabu zake: baada ya miaka minne, kama diski 80 tu kati ya 100 zilikuwa bado zinafanya kazi. Flashi na memori kadi hazina sahani. Zinatunza namba kwa chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani, na chaji hizo huvuja polepole ukiiacha kadi droo kwa miaka mingi. CD za kuchoma zina tabaka la rangi linaloharibiwa na joto na jua. Kwa nyanda kama za Mwese, zenye masika marefu na ukungu wa asubuhi, ongeza unyevu na kuvu.

Kingine ni lugha ya chombo. Mwaka 1992 Kodak hao hao walileta Photo CD: unapeleka mkanda wako, wanakurudishia picha kwenye CD, kwa utaratibu wao maalumu. Watu waliamini kwamba kumbukumbu za familia zimepata nyumba ya kudumu. Utaratibu ule uliachwa, na Januari 2012 kampuni yenyewe iliomba kinga ya mufilisi. CD inaweza kuwa nzima, inang'aa, na kompyuta yako isijue kuifungua.

Kwetu Tanzania mabadiliko yalikuja kwa kasi miaka ya 2000. Septemba 2005 mpiga picha wa siku nyingi, Muhidin Issa Michuzi, alianzisha blogu yake akiwa Helsinki, Finland, kwa kuhimizwa na Ndesanjo Macha. Watanzania wa kila kona ya dunia wakaanza kuona picha za nyumbani siku hiyo hiyo. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulianza kazi pwani yetu, intaneti ikapata nguvu. Ikazaliwa imani kwamba kilichopandishwa mtandaoni kimehifadhiwa. Hapana. Kutangaza ni kutangaza, kutunza ni kutunza. Picha ya mtandaoni mara nyingi imepunguzwa ili ifunguke haraka, na ile kubwa imebaki kwenye kompyuta ya mpigaji. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na maelezo ya ndani yanayosema ilipigwa lini na kwa kamera gani yanaondolewa. Mwenye kutaka picha kamili aitume kama faili la nyaraka.

Basi tuweke kwenye wingu! Wengi husema hivyo. Tuangalie historia ya mawingu pia. Flickr ilianza mwaka 2004 na ikawa nyumba ya wapiga picha wa dunia. Mwaka 2013 ilitoa terabaiti nzima bure kwa kila mtu. Mwaka 2018 iliuzwa kwa SmugMug, ikatangaza kwamba asiyelipa atabaki na picha 1,000, na mwaka 2019 ikaanza kufuta zilizozidi. Google Photos ilikuja Mei 2015 na ahadi ya nafasi isiyo na kikomo kwa picha zilizobanwa kidogo. Ahadi hiyo ilikoma Juni 1, 2021. Tangu hapo picha mpya zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopandishwa kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha kompyuta zake. Sisemi wingu ni baya. Ninalitumia. Ninasema ni ghala la mtu mwingine, na mwenye ghala ana haki ya kubadilisha masharti, na siku nyingine paa lake linavuja.

Halafu kuna suala la kufika huko winguni. Mkusanyiko wangu wa picha za ukanda huu unakaribia gigabaiti 200: mikutano ya vijiji, magulio, ubatizo, misiba, barabara ikiwa tope na barabara ikiwa vumbi. Kwa intaneti inayopandisha megabiti moja kwa sekunde, gigabaiti 200 zinahitaji siku 18 na nusu, mchana na usiku, bila mnara kuzima wala bando kuisha. Diski ya nje yenye mzigo huo huo inasafiri kwa gari kutoka Mwese hadi Mpanda ndani ya mfuko wa koti, na inafika siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana kanuni ninayoiheshimu ni ya mpiga picha mwenzetu wa Marekani, Peter Krogh, aliyeandika kitabu cha utunzaji wa picha za dijitali mwaka 2005. Wanaiita tatu, mbili, moja. Uwe na nakala tatu za kila picha. Ziwe kwenye vyombo vya aina mbili tofauti. Na moja ikae mahali pengine kabisa. Ukiisoma kanuni hii baada ya habari ya Jacques Lowe, unaona imetoka wapi. Mimi nimeifanya iwe ya kijijini hivi: nakala ya kwanza kwenye kompyuta ninayofanyia kazi, ya pili kwenye diski ya nje iliyo ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, ya tatu kwenye diski iliyo kwa ndugu Mpanda mjini. Kila nikienda mjini diski mbili zinabadilishana zamu. Zile picha mia chache ambazo zikipotea hazina mbadala zinapanda winguni pia, usiku, kidogo kidogo.

Kila folda ina jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha kijiji na tukio. Ndani yake kuna faili moja la maandishi matupu lenye majina ya watu kuanzia kushoto. Na kila baada ya miaka minne au mitano napanga kununua diski mpya na kuhamishia kila kitu, hata kama ya zamani haijaugua. Nasema "napanga" kama mkulima anavyopanga mbegu: ni gharama ya kila msimu, huwezi kulipa mara moja ukamaliza.

Mtu anaweza kuniambia: kijana, unahangaika na picha za magulio kana kwamba ni dhahabu. Nitamjibu kwa picha nyingine kabisa, zilizopigwa kutoka angani. Julai 23, 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyopiga picha za ardhi kwa namba tangu siku hizo. Kanda zake zilitunzwa, zikahamishiwa kwenye vyombo vipya kila vya zamani vilipochoka, na mwaka 2008 hazina yote ikafunguliwa bure kwa dunia. Majirani zetu wa Kigoma walifaidika. Taasisi ya Jane Goodall, kwa kazi ya mtaalamu wake Lilian Pintea, ililinganisha picha za mwaka 1972 na za mwaka 1999 na kuonyesha jinsi misitu nje ya Hifadhi ya Gombe ilivyokwisha. Vijiji vikatumia picha za namna hiyo kupanga matumizi ya ardhi. Aliyepiga picha ile ya 1972 hakuwa na habari kwamba ingekuja kutumiwa kwenye mkutano wa kijiji. Kazi yake ilikuwa kupiga. Kazi ya wengine ilikuwa kuinakili.

Huku kwetu nako msitu umekuwa mali ya kuhesabiwa. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Mwese kikiwemo, vinapata fedha za hewa ukaa kwa kulinda misitu ya milima ya Ntakata, makazi ya sokwe. Setilaiti inaweza kuonyesha mti umesimama au umekatwa. Haiwezi kuonyesha nani alikuwepo siku mpaka ulipokubaliwa, mzee gani alionyesha kijito, nani alinyoosha mkono na nani alikataa. Hayo yanaonekana kwenye picha za mkutano, zile zile zinazoitwa za kawaida. Siku ukitokea ubishi mwaka 2050, picha yenye tarehe na majina itakuwa shahidi. Isiyo na tarehe itakuwa pambo.

Tahadhari moja kabla sijamaliza. Katika ukanda ambao watu wengi walikuwa wakimbizi, kutunza picha si kuisambaza. Wapo wasiotaka sura yao ionekane, na wana sababu zao. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na adabu. Uliza kwanza. Kwenye faili la maandishi andika pia nani ameruhusu na nani amekataa, ili atakayerithi diski asije akaanika ulichokuwa umekistiri.

Na nakala moja muhimu haimo kwenye kanuni ya Krogh. Ni ile unayompa mwenye sura. Februari 2015 Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti yenyewe, aliwaonya watu kwamba tunaweza kuwa kizazi ambacho kumbukumbu zake hazitasomeka, akawashauri wachape kwenye karatasi picha wanazozijali. Akili ya mtu wa intaneti na akili ya bibi wa kijijini zimekutana hapo! Nikipiga picha hamsini za arusi, tano zinachapwa Mpanda na kurudi kwa familia. Picha ikiwa kwenye nyumba ishirini za Mwese, hakuna benki ya kuungua nayo wala kampuni ya kubadilisha masharti. Sijaona hazina imara zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo kama una picha ya zamani ya Mwese, Katumba au Mishamo, iwe ndani ya sanduku, nyuma ya kioo cha kabati au kwenye simu iliyopasuka, fanya mambo mawili wiki hii. Kwanza ipige picha kwa simu, juani kidogo bila kivuli, umtumie ndugu aliye mji mwingine. Pili, chukua penseli, kaa na mtu mzima aliyebaki, uandike nyuma yake taratibu: nani huyu, nani yule, mwaka gani, kilima kipi. Diski utanunua mwezi ujao. Majina yachukue leo, maana anayeyajua amezeeka.